Sarafina Alifika Majengo, Wetu Walikwama Mlangoni

Majengo ya Meru haina jumba la sinema. Ina vibanda. Chumba cha mabati, mabenchi yasiyo na migongo, runinga iliyofungwa kwa nyororo ukutani isije ikaota miguu usiku, spika mbili zinazokwaruza, na nje ubao wa chaki wenye orodha ya filamu za siku. Mchana huchezwa filamu za mapigano zilizowekewa sauti ya msimulizi DJ Afro, maana mteja wa hapa hakulipa pesa zake ili asome maandishi ya chini ya skrini. Amelipa asimuliwe. Jioni ni mpira wa Ulaya. Siku ambayo hakuna ligi, mwenye kibanda huchomoa kitu cha zamani ambacho wateja hawakichoki, na mara nyingi kitu hicho huwa ni Sarafina!

Ni filamu ya mwaka 1992, ya nchi nyingine, na nyimbo zake nyingi ni za Kizulu ambacho hakuna mtu Majengo anayekielewa. Hata hivyo wimbo ukianza, mabenchi huitikia. Nimewasikia vijana walioishia darasa la nane wakibishana kama Sabela, yule polisi mweusi anayewatumikia Makaburu, alistahili kuchomwa moto au la, kwa ukali ule ule wanaobishania penalti. Waulize hao hao Jenerali Baimungi alikuwa nani, mtu aliyepigana katika msitu unaouona ukisimama tu mlangoni pa kibanda, na watakuuliza: hiyo ni matatu ya sacco gani?

Siwalaumu. Historia ya Soweto iliwafikia kwa wimbo, kisha kwa picha. Ya kwetu iliwafikia kwa noti za ubaoni zilizofutwa kengele ilipolia. Wala si kwa kukosa watunzi. Kenya ilikuwa na mchezo wake wa muziki kuhusu historia ya taifa miaka mitano kabla ya Sarafina! kupanda jukwaani, na wenye mamlaka wakaufungia mlango. Kila kilichoufuata mchezo wa Afrika Kusini, yaani safari za ng'ambo, santuri, filamu, kanda za video na hatimaye kibanda cha Majengo, wetu haukukipata, kwa sababu haukuvuka kizingiti cha kwanza.

Kizazi changu kiliipata Sarafina! bwaloni. Jumamosi usiku meza zilisukumwa ukutani, runinga ya shule ikapandishwa juu ya mbili kati yake, na mkanda wa VHS ulikuwa umechezwa hadi picha zikawa zinatetemeka. Mwalimu wa zamu alisimama karibu na swichi, tayari kuzima likitokea busu. Mateso, risasi na binadamu kuteketezwa viliruhusiwa. Jumatatu yake wasichana walikuwa wameshazikariri hatua zote za ngoma. Hadi leo, kila tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1991, huoni ajabu kukuta shule ya msingi upande huu wa mlima ikiisherehekea kwa hotuba ndefu na ngoma za Sarafina! Wachezaji hawatafutiwi mavazi. Sare ya shule ndiyo vazi lenyewe la mchezo, na nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya siri yake: mtoto yeyote wa Kiafrika anayemiliki sketi ya shule na soksi nyeupe tayari yumo ndani.

Tukio ambalo siku hiyo na Sarafina! vinalikumbuka lilianza na amri ya lugha. Serikali ya ubaguzi wa rangi iliagiza masomo kama hisabati yafundishwe kwa Kiafrikana katika shule za weusi. Asubuhi ya 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliandamana, wakiwemo wale wa sekondari ya Morris Isaacson, Tsietsi Mashinini akiwa mbele yao. Polisi wakafyatua risasi. Picha aliyopiga Sam Nzima, ya Hector Pieterson wa miaka 12 akiwa amebebwa mikononi huku dada yake akikimbia ubavuni, ilizunguka dunia nzima. Waliouawa katika miezi iliyofuata walikuwa mamia. Siku tano tu baada ya risasi zile, mjini Johannesburg, Barney Simon na Mannie Manim walifungua Market Theatre ndani ya jengo lililokuwa soko la matunda, ukumbi ambamo weusi na weupe walikaa safu moja huku nje utengano ukiwa ndiyo sheria. Katika ukumbi huo, Juni 1987, Sarafina! ilionyeshwa mara ya kwanza.

Mtunzi wake, Mbongeni Ngema, alikuwa mpiga gitaa wa Natal aliyejifunza uigizaji kwa kuigiza. Alikwisha kujulikana kwa Woza Albert! ya mwaka 1981, aliyoitunga na Percy Mtwa na Barney Simon, mchezo ambao waigizaji wawili tu waliibeba nchi nzima: polisi, vibarua, kinyozi, wafungwa. Kwa Sarafina! alitaka kinyume chake, jukwaa lililojaa watoto. Alikwenda mitaa ya weusi akakusanya vijana wengi wasio na mafunzo yoyote, akawalisha, akawafundisha kuimba, kucheza na kusimama mbele za watu. Leleti Khumalo, mzaliwa wa KwaMashu aliyepewa nafasi ya Sarafina mwenyewe, alikuwa hajatimiza miaka 18 siku ya ufunguzi. Muziki Ngema aliutunga pamoja na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta aliyekuwa uhamishoni tangu mwaka 1960, na wakaujenga juu ya mbaqanga, ule muziki wa mitaani ambao mguu huanza kuuchezea kabla masikio hayajauliza wimbo unasema nini.

Kisa cha jukwaani kilikuwa chembamba, na ndivyo kilivyopaswa kuwa. Ua wa shule, uzio wa waya, wanafunzi wa Morris Isaacson wanaotaniana, wanaomwigiza mwalimu wao, wanaokamatwa na kurudi, huku wakitayarisha onyesho la shule kuhusu siku ambayo Mandela atatoka jela. Kumbuka hiyo ilikuwa 1987. Mandela alikuwa bado kifungoni, na hakuna aliyekuwa na tarehe. Watazamaji wa Market Theatre waliwaona watoto wakifanya mazoezi ya kitu ambacho hakijatokea na pengine hakitatokea.

Kutoka hapo mchezo ulipanda ndege. Mwaka huo huo ulikuwa Lincoln Center, New York, na tarehe 28 Januari 1988 ukahamia Cort Theatre, Broadway, ambako ulichezwa mara 597 hadi 2 Julai 1989. Uliteuliwa kuwania tuzo tano za Tony. Watoto wa mitaa ya Durban, ambao kwao hawakuwa na haki ya kupiga kura, walikuwa wakiimba kila usiku mbele ya Wamarekani waliolipa viingilio vya bei ghali. Kulikuwa na waliosema kwamba furaha ya nyimbo zile inaupaka sukari msiba. Mimi naona walikosea. Aliyewahi kukaa kwenye matanga ya huku kwetu anajua kwamba watu huimba kwa nguvu zaidi pale ambapo hakuna kingine wanachoweza kufanya.

Halafu ikaja filamu. Mtayarishaji alikuwa Anant Singh, mwelekezi Darrell Roodt, na mswada wake waliuandika Ngema na Mwingereza William Nicholson. Ilipotoka mwaka 1992, Mandela alikuwa huru tangu 11 Februari 1990. Ile ndoto ya onyesho la shule ilikuwa imeshatimia, na mchezo uliokuwa ukitazama mbele ukawa filamu inayotazama nyuma. Ilibidi uzito utafutwe kwingine, na waliutafuta katika damu. Kwenye filamu Sabela anachomwa. Sarafina anafungwa na kuteswa. Bunduki inafichwa, na mwishowe inatupwa. Ngema aliyemtunga Sabela ndiye pia aliyemvaa mbele ya kamera, jambo ambalo watazamaji wengi wa vibandani hawalijui: yule polisi wanayemzomea ndiye mwenye kazi yote.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la mwalimu. Jukwaani alikuwa mama mkali mwenye vituko, anayewachekesha watu. Kwenye filamu akawa Mary Masembuko, mwalimu wa historia anayefundisha yasiyo kwenye silabasi, anayekamatwa na kufia mikononi mwa polisi, na nafasi hiyo akapewa Whoopi Goldberg. Bila jina kubwa la Marekani fedha hazipatikani, hilo ni jambo la biashara na silipingi. Lakini lina bei. Katika mchezo, historia ilikuwa mali ya watoto. Wao ndio waliokuwa wakiitengeneza kwa miili yao. Katika filamu historia inatoka kwa mtu mzima na kuwashukia watoto. Goldberg anaicheza vizuri, kwa upole usiotarajiwa, lakini kila anaposimama mbele ya darasa lile naona kamera ikimsubiri yeye aseme, wakati uzuri wa kisa hiki ulikuwa kwenye mabenchi.

Jambo moja filamu ililifanya ambalo jukwaa halikuweza. Baada ya kutoka kizuizini Sarafina anakwenda kwa mama yake, mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya wazungu, ambaye mwanzoni binti alikuwa akimwonea aibu kwa unyenyekevu wake. Mama huyo ni Miriam Makeba. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki, hapo filamu inabadilika ghafla, kwa sababu uso huo tunaufahamu. Ni sauti ya Malaika, sauti ambayo wazazi wetu waliisikia redioni ikiimba Kiswahili kwa lafudhi yake ya kusini. Aliyeimba mbele ya marais anasimama pale na aproni, na hapewi wimbo mkubwa wa kujionyesha. Anamsikiliza mtoto. Kamera inakaa karibu, na ukumbi mkubwa wa Broadway usingeweza kukuonyesha namna macho yake yanavyomsamehe binti kabla mdomo haujafunguka.

Kila mchezo wa muziki wa historia unapohamia sinema, kuna mtu anayeshika mkasi. Wamarekani wenyewe wanalo la kusimulia. Mwaka 1969 walianzisha Broadway mchezo uitwao 1776, kuhusu wazee wao wakibishana katika joto la Philadelphia kama watangaze uhuru au la. Februari 1970 waigizaji walialikwa Ikulu kuucheza mbele ya Rais Richard Nixon, na watu wake wakataka wimbo mmoja uliowakejeli wahafidhina uondolewe. Waigizaji wakakataa, wimbo ukaimbwa. Lakini filamu yake ilipotoka mwaka 1972, mtayarishaji Jack Warner, rafiki wa Nixon, alikuwa ameshaukata. Ilichukua miaka mingi kuurudisha.

Kwao walikata wimbo mmoja. Kwetu walikata mchezo mzima.

Turudi kwenye ule mwaka wa Soweto, 1976, lakini Nairobi. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, binti wa Kirinyaga, jirani kabisa na Embu, walikuwa wameandika mchezo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, uliojaa nyimbo na ngoma, ambao baadaye Raphael Kahaso aliutafsiri kwa jina la Mzalendo Kimathi. Pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga ulikuwa umechaguliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la sanaa la FESTAC mjini Lagos. Kabla ya safari, michezo yote miwili ilihitaji kuonyeshwa nyumbani, katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo. Ikapewa siku nane tu kwa pamoja. Siku zinazobaki zilikuwa na wenyewe: kundi la densi kutoka Ufaransa, na mchezo wa muziki wa Broadway wa kuchekesha kuhusu watumwa wa Roma ya kale, ulioigizwa na kikundi cha City Players. Yaani miaka 13 baada ya uhuru, Kimathi alikuwa akisubiri zamu nyuma ya Warumi.

Lakini alipopanda jukwaani tarehe 20 Oktoba, siku ile ile hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, watazamaji hawakukubali kwamba mchezo umekwisha. Waliungana na waigizaji katika wimbo wa mwisho na wakatoka nao nje wakicheza barabarani. Nadhani waliokuwa na madaraka waliona usiku ule jambo ambalo wahakiki hawakuliona: kwamba hotuba husikilizwa na kusahaulika, ila wimbo mtu huondoka nao.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapitia upesi. Oktoba 1977, Kamĩrĩĩthũ, Limuru: Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliyochezwa na wakulima na vibarua katika ukumbi wa wazi walioujenga kwa mikono yao, wenye nafasi ya watu zaidi ya elfu mbili. Novemba kibali kikafutwa. Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka.

Alipotoka aliandika mchezo wa muziki hasa. Maitu Njugira, Mama Niimbie, uliturudisha kwenye miaka ya 1920 na 1930: kipande shingoni, kodi ya kichwa, vibarua kwenye mashamba ya walowezi, na Waafrika waliojifunza mapema kula na mkoloni. Masimulizi mengi yalibebwa na nyimbo, na nyimbo hizo hazikuwa za kabila moja. Zilichotwa katika lugha nyingi za Kenya, hata aliyekuja bila kujua Kikuyu alikuta pa kushikilia. Waelekezi walikuwa Kĩmani Gecaũ na Waigwa Wachira. Ufunguzi ulipangwa katika Ukumbi wa Kitaifa tarehe 19 Februari 1982, siku moja baada ya kutimia miaka 25 tangu Kimathi anyongwe. Maombi ya kibali hayakujibiwa. Hawakuambiwa hapana, hawakuambiwa kitu. Kikundi kilipofika siku yenyewe, milango ilikuwa imefungwa.

Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi wakaendelea na mazoezi, na habari zikaenea kwamba mazoezi hayo yanaweza kutazamwa bure. Watu wakafurika usiku kwa usiku, maelfu, wakikaa kwenye ngazi, kwenye madirisha, hadi chuo kikaamriwa kuwafungia pia. Tarehe 12 Machi malori matatu ya polisi wenye silaha yalikwenda Kamĩrĩĩthũ na ukumbi ule wa wazi ukabomolewa. Mtu anayetaka kujua leo mchezo ule ulikuwaje hana kanda ya kutazama. Atategemea kwa kiasi kikubwa kitabu cha mtafiti wa Uswidi, Ingrid Björkman, kilichotoka mwaka 1989, ambaye aliufuatilia na kuwahoji waliouona. Tamasha kubwa la muziki kuhusu historia ya Kenya limebaki kama ushahidi wa waliokuwepo.

Hapo ndipo linganisho linapochoma. Sarafina! iliandikwa na kuonyeshwa chini ya serikali ya Makaburu, katikati ya hali ya hatari yao, na ikachezwa. Maitu Njugira iliandikwa katika nchi huru na haikuchezwa. Si kwamba Makaburu walikuwa na huruma. Walikuwa na sababu za kuhesabu. Market Theatre ulikuwa ukumbi wa viti mia kadhaa, katikati ya jiji, wenye wapenzi wake ng'ambo, na kuufunga kungekuwa habari ya kwanza kwenye magazeti ya London wakati vikwazo vinajadiliwa. Kamĩrĩĩthũ haukuwa na rafiki wa aina hiyo. Uligusa pia kitu kilicho karibu zaidi na ngozi: waliokuwa jukwaani walikuwa vibarua wenyewe, kwa lugha yao, wakiwaonyesha majirani wao nani aliuza nini mwaka gani. Mchezo kuhusu dhuluma ya mgeni huvumilika. Unaomtaja mwenyeji ndio unaotafutiwa kufuli.

Ndiyo maana pia Sarafina! ilipita Kenya bila shida. Wale wale walionyima kibali hawakuona tatizo watoto wa Meru kuimba juu ya polisi wa Soweto. Dhambi ilikuwa mbali.

Na huku Meru na Embu hakukuwa na upungufu wa kisa. Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, Nairobi ilizingirwa na majeshi ya mkoloni, kisha watu wa jamii tatu wakachujwa mmoja mmoja: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Maelfu walipelekwa kambini. Msituni kulikuwa na Musa Mwariama, aliyedumu huko hadi Desemba 1963, na picha yake akisalimiana na Jomo Kenyatta, nywele zikiwa zimesokotana kwa miaka ya porini, ndiyo wengi wetu tunaijua bila kujua jina la aliyemo. Alikuwepo Baimungi, aliyetoka, akatazama ardhi inavyogawanywa, akarudi msituni, na mwanzoni mwa mwaka 1965 akauawa na majeshi ya serikali ya nchi aliyoipigania. Tatizo la kisheria nalo lilikuwepo: marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa hadi mwaka 2003. Mwalimu wa drama aliyetaka kumweka Mwariama jukwaani miaka ya themanini alikuwa akimwigiza, kwa mujibu wa sheria, mwanachama wa kundi haramu, na kibali angekiomba kwa DC.

Mambo yamefunguka, hilo lazima lisemwe. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi katika Ukumbi wa Kitaifa, chini ya mwelekezi Stuart Nash wa Nairobi Performing Arts Studio, ikachezwa kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeshaiweka Sarafina! kwenye jukwaa lile. Viingilio vilikuwa vya watu wa Nairobi wenye mishahara, na kibarua wa Limuru wa leo sidhani kama alikuwa na nauli ya kwenda kujitazama, lakini milango ilikuwa wazi.

Si kila mahali lakini. Wasichana wa shule ya sekondari ya Butere waliwahi kupigwa marufuku mwaka 2013 kwa mchezo wa Shackles of Doom, na Mahakama Kuu ikawarudisha. Aprili 2025 ikawa zamu ya dada zao wadogo na Echoes of War iliyoandikwa na Cleophas Malala, kuhusu utawala unaogongana na vijana wake. Mahakama Kuu iliamuru waruhusiwe kushiriki tamasha la kitaifa la drama za shule huko Nakuru. Mwandishi akakamatwa, mabomu ya machozi yakarushwa, na asubuhi wasichana walipopanda jukwaani hawakukuta watazamaji wala vyombo vya sauti. Wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka. Tofauti na mwaka 1982 ni kwamba safari hii simu zilikuwepo. Kabla ya chakula cha mchana vijana wa Majengo walikuwa wameshaiona video ile, na waliokuwa hawajawahi kusikia jina la Butere wakawa wanajua mchezo unahusu nini. Aliyefunga ukumbi ndiye aliyeutangaza.

Simu hizo hizo ndizo zinazonifanya niamini kwamba mchezo wa muziki wa upande huu wa mlima unaweza kutengenezwa, ukapigwa picha, ukafika kibandani bila kupitia Broadway. Tamasha la shule sasa lina kitengo cha filamu. Muziki upo, tena wa kuchagua. Panda matatu Meru uteremke hadi Embu kupitia Nkubu, Chuka na Runyenjes, na njiani utapita kwa wapiga ngoma wa Chuka, ambao wamekuwa wakiitwa kutumbuiza wakubwa tangu zamani. Ukifika Embu kuna kirarire, ambamo waimbaji hujibizana kwa mafumbo makali. Na katika Majengo, iwe ya Meru unakoanzia au ya Embu unakoishia, una dufu na kasida za maulidi. Na Majengo yenyewe ni jukwaa linalofaa, maana mitaa hii ilianza kama makao ya Waislamu na wachuuzi waliotoka kila upande, watu ambao wakati wa hali ya hatari kila upande uliwatilia shaka. Ningeanza hapo hapo, si msituni: duka la Majengo mwaka 1954, muuzaji anayepima unga, mteja asiyesema unga huo ni wa nani, na kwaya nyuma inayojua.

Kazi ngumu itakuwa kugawa nafasi. Kila kijana atataka kuwa Mwariama na kila msichana atataka kubeba risasi ndani ya kiondo. Nafasi ya homugadi, askari wa kijiji aliyemtumikia mkoloni, itabaki bila mwenyewe, kwa kuwa wajukuu wa mahomugadi na wajukuu wa waliokuwa msituni wanaishi ploti moja na wanachota maji kwenye mfereji mmoja, na hakuna atakayekubali jina la babu yake lizomewe mbele ya mtaa. Kwa hiyo mwalimu atakayeandika mchezo huu ajiandae kuivaa kofia ya homugadi yeye mwenyewe, kama Ngema alivyomvaa Sabela.